Mwanafunzi asiyeona hukaa peke yake chini ya mkorosho: nimsaidieje apate marafiki?

*“Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tano katika shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi wasioona, mkoani Mtwara. Nina mwanafunzi wa kike wa miaka 12 ambaye hajawahi kuona tangu azaliwe. Anasoma nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole) haraka kuliko wenzake wote wa kitengo na katika mitihani yumo kumi bora, lakini hana rafiki. Wakati wa mapumziko hukaa chini ya mkorosho ulio nyuma ya darasa, akiyumbayumba na kubonyeza macho kwa vidole. Akizungumza na mtu huelekeza uso pembeni, na hurudia maswali yale yale hata kama yamejibiwa. Wenzake wanasema anaringa, wengine wanasema ana matatizo ya akili. Nilimpa msichana mmoja jukumu la kumwongoza, lakini naye sasa amechoka. Mama yake anaomba tumhamishie shule ya wasioona watupu. Nina pia mvulana mwenye ualbino ambaye wenzake wanamlalamikia kwamba hasalimii. Nifanye nini?”*

Mwalimu, ahsante kwa swali lililoandikwa na mtu anayewaangalia wanafunzi wake hata kengele ya mapumziko inapolia. Nikikuelewa vizuri, una mtoto ambaye masomo yake hayakupi shida, ila unaona maisha yake nje ya daftari yanasinyaa, na unahofia kwamba akifika sekondari alama zake nzuri hazitamsaidia kuomba msaada, kukataa asichokitaka, wala kutaniana na wenzake. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, katika maelezo yako yote sijaona dalili ya kiburi, na sijaona dalili ya ugonjwa wa akili. Ninachokiona ni mtoto anayekosa habari ambazo watoto wengine huzipata bure, kwa macho, kila dakika wanayokuwa macho.

Chukua jambo dogo kama shikamoo. Mtoto anayeona hakufundishwa shikamoo kwa maneno peke yake. Akiwa na miaka miwili alisimama nyuma ya khanga ya mama yake, akamwona mama akipunguza mwendo na kukunja goti kidogo mbele ya bibi fulani, kisha akamwona huyo huyo mama akimpungia mkono tu kijana wa bodaboda. Aliyaona hayo mara elfu kabla hajaanza shule, na kanuni ikamkaa bila mtu kuitaja. Sasa mweke mwanafunzi wako chini ya ule mkorosho. Nyayo zinakuja juu ya majani makavu, mtu anakohoa, hasemi jina lake. Je, ni mwalimu mkuu, ni mpishi wa uji, au ni mtoto wa Darasa la Tatu aliyekuja kutafuta mabibo? Akimwamkia shikamoo mtoto wa Darasa la Tatu, uwanja mzima utacheka. Akimnyamazia mwalimu mkuu, ataambiwa anaringa. Kati ya aibu hizo mbili amechagua kukaa kimya, na mimi ningekuwa katika nafasi yake nadhani ningechagua hivyo hivyo.

Kuhusu uso wake kuelekea pembeni, jaribu jambo moja. Simama mbele yake, zungumza kwa sauti ya chini, kisha uangalie ni kitu gani hasa kimeelekezwa kwako. Mara nyingi utakuta ni sikio. Mtu anayeona humpa mwenzake macho ili kuonyesha kwamba anamsikiliza, na mtu anayetegemea masikio hutoa sikio kwa sababu hiyo hiyo. Wenzake wanaiona ishara ya usikivu na kuisoma kama dharau. Kosa hili si geni. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa Marekani aitwaye Selma Fraiberg, aliyefuatilia watoto wachanga wasioona, alieleza jinsi mtoto wa namna hiyo anavyoweza kutulia ghafla na kunyamaza anaposikia sauti ya mama, kwa sababu anasikiliza kwa mwili mzima, na jinsi baadhi ya akina mama walivyoumia wakidhani mtoto hawataki. Walipoelekezwa kuangalia vidole vya mtoto badala ya sura yake, waliiona furaha waliyokuwa wakiitafuta usoni. Nakuomba nawe uwe unaangalia mikono ya msichana huyu mtu anapokaa karibu naye.

Hayo hayamaanishi kwamba sura yake haina hisia. Katika Michezo ya Olimpiki na ya Paralimpiki, yaani ile ya watu wenye ulemavu, ya mwaka 2004 mjini Athens, watafiti walilinganisha sura za wachezaji wa judo wasioona tangu kuzaliwa na za wachezaji wanaoona wakati wa kushinda na kushindwa, na wakakuta misuli ya uso inafanya kazi ile ile. Tabasamu tunazaliwa nalo. Kinachofunzwa ni lini ulitoe, kwa nani na kwa kiasi gani, na hayo ndiyo wenzake wamejifunza kwa kutazamana.

Maswali yanayorudiwa yana sababu inayofanana na hiyo. Watu wawili wanaoona wanaweza kukaa nusu saa bila neno na bado wakawa pamoja, kwa kuwa kila mmoja anamwona mwenziwe. Kwake yeye mtu akinyamaza, hana hakika kama bado yupo. Nina hakika yamemkuta mara nyingi, maana kila mtu asiyeona niliyefanya kazi naye yamemkuta: anasimulia jambo kwa furaha, mwenzake anaitwa na kuondoka kimyakimya, na yeye anaendelea kuizungumzia hewa mpaka asikie watu wakicheka kwa mbali. Mtoto aliyefanyiwa hivyo mara kumi hujifunza kushika watu kwa maswali. Anapokuuliza kwa mara ya tatu kama leo kuna uji, huenda anachotaka kujua ni kama bado upo. Hivyo ukikemea maswali bila kuondoa sababu yake, utamnyang'anya kamba pekee aliyo nayo.

Kuyumbayumba na kubonyeza macho ndiko kunakowatisha wenzake zaidi. Mwili wa mtoto unataka mwendo, na mtoto asiyekimbia, asiyepanda mti wala kubembea huutafuta mwendo huo akiwa ameketi. Kubonyeza macho kuna jambo la ziada: kwa baadhi ya watoto, hasa wale ambao tatizo lao liko kwenye retina, yaani utando wa nyuma wa jicho unaopokea mwanga, mgandamizo wa kidole huzalisha vimulimuli ambavyo ni burudani kwao. Ukidumu miaka mingi unaweza kuyafanya macho yaonekane yamezama ndani, na unaweza kuumiza jicho, kwa hiyo haufai kupuuzwa. Kuwapiga viganja watoto kwa ajili hiyo, jambo nililolishuhudia zaidi ya mara moja, huwafundisha kujificha tu. Kaa naye faragha, mweleze waziwazi kwamba watu wanaoona wanaliona tendo hilo na linawafanya wasogee mbali, kisha mkubaliane ishara yenu ya siri, mathalani kugusa bega mara mbili. Mpe mikono yake kazi, na uupe mwili wake mwendo. Usitegemee litoweke ndani ya muhula mmoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona shule nyingi hulikosea. Hudhaniwa kwamba ukimweka asiyeona katikati ya wanaoona, urafiki utajiotea wenyewe kama magugu ya masika. Hauoti. Na unapoona haujaota, unateua kiongozi wa njia na kumwita rafiki, kama ulivyofanya kwa nia njema. Kuongoza ni kazi, na mtoto akipewa kazi isiyo na zamu huichoka, kisha humchoka na yule anayemwongoza. Mpumzishe msichana huyo na umshukuru mbele ya wenzake. Wafundishe wanafunzi wote namna ya kuongoza: asiyeona ndiye anayeshika mkono wa mwongozaji, juu kidogo ya kiwiko, akitembea nusu hatua nyuma, badala ya kusukumwa au kuvutwa kwa fimbo yake. Kisha weka zamu fupi, na palipo na njia anayoijua, aende peke yake na fimbo nyeupe.

Darasa zima linahitaji somo kabla yake. Waambie kwamba kila anayemkaribia ataje jina, na kila anayeondoka aage, hata kama anakwenda chooni tu. Nawe uanze. Ukiingia kitengoni sema, “Ni Mwalimu fulani, niko na mwalimu mkuu,” naye atajua hapo hapo kwamba shikamoo zinatakiwa mbili. Ukomeshe ule mchezo wa kumziba mtu njia na kumwambia, “Nijue mimi ni nani!” Watu wazima ndio wanaoupenda zaidi, na wanadhani wanafurahisha. Kwa anayeulizwa, huo ni mtihani asiouomba, mbele ya watu, tena kila siku. Waruhusu pia watoto waulize yanayowatatiza: anaota ndoto za namna gani, anajuaje noti ya elfu kumi, anachaguaje nguo. Yeye mwenyewe aamue yapi atayajibu. Pale ambapo hawajajibiwa, watoto hujaza wenyewe, na ndipo yanapozaliwa maneno ya “ana matatizo ya akili”.

Kwake yeye, fundisha mambo machache kwa maneno yanayoshikika. Ukimwambia “mtazame mtu usoni” humwambii kitu. Mwambie, “Elekeza pua yako kwenye sauti inakotoka,” kisha mzunguke ukizungumza, naye akufuate kwa pua hadi azoee. Umbali wa kusimama mfundishe kwa mkono: ukinyoosha mkono na kumgusa mwenzako begani, hapo panatosha. Kuingia katika mazungumzo ya kundi kunahitaji mazoezi marefu zaidi, kwa sababu wanaoona hupeana zamu kwa jicho. Mfundishe asogee, asikilize sentensi tatu au nne mpaka ajue mada, asubiri sauti ya msemaji ishuke mwishoni, ndipo aseme jambo linalohusu mada ile ile. Fanyeni mazoezi hayo wawili, baadaye na watoto watatu mliowachagua. Baada ya kila zoezi mwambie ukweli, kwa upole na faragha: “Leo uliwakatiza mara mbili, ila ule utani wako wa mwisho uliwachekesha.” Utani wake ulivyopokelewa usoni mwa wenzake hawezi kuuona, na usipomwambia wewe, hakuna wa kumwambia.

Hata hivyo, yote hayo ni matayarisho. Watoto hawapati marafiki kwa kuzungumza. Hupata marafiki kwa kufanya jambo pamoja, maneno yakifuata nyuma. Kwa hiyo ningeanza na kamba. Rede ni ngumu kwake, lakini kuruka kamba kuna mdundo unaosikika. Asimame karibu na kamba ikiwa imelala, wazungushaji wahesabu kwa sauti, na kila kamba inapoipiga ardhi aruke. Apewe siku kadhaa za kujifunza pembeni na msichana mmoja mvumilivu kabla ya kuingia kwenye foleni ya wengine, kwa maana akianguka siku ya kwanza mbele ya uwanja mzima hatarudi tena. Naye ashike ncha ya kamba na kuwazungushia wenzake: huo ni mchango kamili, na mara nyingi mzungushaji mwenye mdundo mzuri hugombaniwa.

Bao nalo linamfaa sana, hata lile la mashimo ya kuchimba mchangani, kwa sababu kete na mashimo husomwa kwa vidole. Mpinzani ataje shimo alilotoka na aliloishia. Mtoto aliyezoea nukta nundu ana vidole vyepesi na kumbukumbu ya mpangilio, kwa hiyo usishangae akianza kuwafunga wavulana.

Ukipata mpira wenye njuga ndani, au mkikusanya njuga na kubuni wenu, jaribuni golboli. Ni mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na hadi leo huchezwa katika Paralimpiki: watatu kwa watatu, wote wamefunikwa macho, watazamaji wote kimya, mpira ukibiringishwa chini kuelekea goli. Hapa nina angalizo. Sipendi sana mazoezi ya kuwafunga watoto wanaoona vitambaa na kuwatembeza ili “waonje upofu”, kwa kuwa huondoka na woga na huruma tu. Katika golboli hali ni tofauti, maana wanafungwa macho na kukuta kwamba aliye hodari zaidi uwanjani ni yule wa chini ya mkorosho.

Na kazi, Mwalimu, usiisahau kazi. Msimu wa korosho nyumbani kwao, kati ya Oktoba na Desemba, watoto wenzake hukaa duara wakibangua, na ni katika duara hizo ndipo habari zote za kijiji hupita. Mara nyingi asiyeona hupewa kigoda pembeni “asije akaungua”. Kukaanga na kupasua ganda kuwe kwa wengine kama wana hofu, kwani mafuta ya ganda kweli huunguza ngozi, lakini kumenya utando wa ndani na kutenganisha nzima na vipande ni kazi ya vidole, naye ataifanya kwa kasi sawa na wao. Zungumza na mama yake juu ya kigoda hicho. Shuleni kwako mpe zamu ya kugawa vikombe vya uji akitaja majina. Mtoto anayehudumiwa siku zote hana cha kumpa mwenzake, na urafiki wa umri huo ni biashara ya kupeana.

Kijana mwenye ualbino nitamweleza kwa ufupi. Huenda anaona herufi akizisogeza karibu na pua, lakini sura ya mtu aliye hatua kumi, tena juani, kwake ni kivuli. Kama uoni wake ni 6/60, anachokiona kwa mita 6 ndicho ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60. Kuinamisha au kugeuza kichwa ni namna yake ya kutuliza macho yanayochezacheza. Hasalimii kwa sababu hajui ni nani anayepita. Mfundishe kutamka mwenyewe, bila aibu, “Sitambui sura kwa mbali, niite jina,” na wenzake waambiwe vivyo hivyo. Kofia yenye ukingo mpana, na kiti cha mbele kisichoelekea dirisha, vitamsaidia pia katika mambo ya watu.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini kwa msichana wa miaka 12 siwezi kuliacha. Mtoto asiyeona hushikwashikwa na kila mtu tangu utotoni, akivutwa mkono na kugeuzwa mabega, mpaka anaona ni kawaida. Sehemu ya stadi za kuishi na watu ni kujua kwamba anaweza kusema, “Usinishike, niambie kwanza wewe ni nani.” Mfundishe kwa majina halisi ya viungo vya mwili, kwa sababu picha za ukutani hazimsaidii. Katika mikoa yetu huenda akapelekwa unyagoni wakati wa likizo, ambako mengi hufundishwa kwa ngoma na kwa vitendo vya kutazama. Zungumza mapema na mama yake ili ajue atakuwa na nani na ataelezwa nini kwa maneno. Ukipata dokezo lolote kwamba kuna mtu amemgusa vibaya, usichunguze peke yako: mwone ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto.

Kuhusu kuhama, mama ana hoja. Shule yenye wasioona wengi humpa mtoto wenzake wanaoyajua yanayompata, walimu wengi wa nukta nundu, na michezo isiyohitaji marekebisho. Lakini humtoa pia kwenye duara la korosho, kwa ndugu zake na kwa watoto atakaoishi nao akiwa mtu mzima, na akirudi baada ya miaka saba mingine ataanza upya kujulikana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda nafasi yake katika shule ya kawaida, kwa hiyo asihamishwe kwa kuwa darasa limeshindwa kumzoea. Kama kitengo chako hakina mwalimu wa nukta nundu wala vitabu, hiyo ni sababu nyingine, nami ningeiheshimu. Kama sababu ni upweke peke yake, ningeomba mihula miwili ya juhudi kwanza. Katika muda huo mtafutie mwanamke mtu mzima asiyeona, anayefanya kazi na kuendesha nyumba yake, aje azungumze naye na mama yake. Viongozi wa Chama cha Wasioona Tanzania katika mkoa wako wanaweza kukuelekeza. Saa moja na mtu huyo huwa na uzito kuliko mihadhara yangu.

Usisubiri mihula hiyo miwili katika hali zifuatazo. Akibonyeza jicho kwa sababu linauma, likiwa jekundu au likitoa machozi mengi, aonwe na wataalamu wa macho, mkianzia hospitali ya wilaya, nao watawaelekeza hospitali ya rufaa ya mkoa. Kutoona hakuzuii jicho kuugua. Kijana wenu naye apimwe uoni na kuangaliwa ngozi mara kwa mara. Kuyumbayumba na kurudia maneno hufanana na dalili za usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano, na mtoto anaweza kuwa haoni na pia akawa na usonji. Kinachotofautisha ni kwamba mtoto ambaye tatizo lake ni kukosa habari hubadilika anapopewa habari na watu wa kucheza nao. Usipoona mabadiliko yoyote baada ya miezi kadhaa ya kazi ya kila wiki, au akipoteza lugha na stadi alizokuwa nazo, akijiumiza, akiacha kula au kulala, au akisema hataki kuishi, anahitaji kuonwa ana kwa ana na daktari au mshauri nasaha bila kuchelewa.

Umenieleza wanayosema wenzake, anayosema mama yake na unayoyaona wewe. Sikuona popote anachosema yeye. Kabla ya kamba na bao, kaa naye chini ya mkorosho huo mkimenya korosho, taja jina lako unapofika, kisha muulize ni nani darasani anapenda kuisikia sauti yake. Huenda jina hilo analo tayari, na huenda si la yule uliyemteulia.